Hakusahau, Halikuingia: Mwongozo wa Kumsaidia Mwenye Skizofrenia Kujifunza na Kukumbuka

Nilimtuma mdogo wangu dukani: sukari nusu, hamira pakiti mbili, vocha ya elfu moja. Duka liko nyumba ya nne kutoka kwetu, hapa Tanga. Akarudi baada ya nusu saa na kibiriti. Nikamfokea mbele ya wapangaji, "Yaani vitu vitatu tu vinakushinda?" Akajibu kwa upole, "Dada, hukuniambia."

Nilidhani ananifanyia ujeuri. Sasa ni miaka sita, na ninaamini alikuwa anasema kweli kama alivyoijua. Maneno yangu yalifika sikioni, ila ndani hayakuingia. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya dada, mama, mke au kaka anayeishi na mtu wa namna hiyo, na kwa mgonjwa mwenyewe akiwa tayari kuusoma. Mimi si daktari. Ninachokueleza nimekipata kwa kuuliza kliniki, kwa kusoma, na kwa kukosea sana jikoni kwangu.

Kwanza ujue unapambana na nini

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili, na humpata takriban mtu mmoja kati ya 300 duniani, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, na mara nyingi huanza ujanani, wakati mtu yuko shuleni au ndiyo kwanza anaanza kazi. Watu wanaijua kwa sauti anazosikia mgonjwa na kwa shuku zake. Tatizo la kumbukumbu halizungumzwi sana, ingawa limejulikana tangu zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliuita ugonjwa huu dementia praecox, akimaanisha kudhoofika kwa akili mapema. Mwaka 1908 Eugen Bleuler wa Uswisi akaleta jina la skizofrenia, kwa sababu si wote waliodhoofika na si wote walioanza mapema. Jina lilibadilika, tatizo likabaki.

Na lina tabia moja inayowachanganya ndugu: dawa zikishatuliza sauti, kumbukumbu haifuati. Familia inasema "amepona sasa, huu ni uvivu". Kumbe ndiyo sehemu ya ugonjwa ambayo dawa haziigusi sana. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Michael Green, alipitia tafiti zilizokuwapo akaona kwamba uwezo wa kukumbuka maneno unafungamana na jinsi mgonjwa anavyojimudu maishani, kuliko hata sauti anazosikia. Niliposoma hilo nikaelewa kwa nini mdogo wangu alikuwa mtulivu kabisa na bado kazi zikimshinda.

Sasa shika jambo hili, maana mengine yote yanalitegemea. Fikiria ghala lenye mlango mwembamba. Ghala lenyewe halivuji sana: kilichoingia barabara hukaa karibu kama kinavyokaa kwa mtu mwingine. Shida kubwa iko mlangoni. Sisi tukisikia orodha ya vitu, akili inavipanga yenyewe bila kuamriwa, vya chai huku, vya mboga kule. Akili yenye skizofrenia mara nyingi haifanyi hivyo kwa hiari yake. Lakini ikionyeshwa namna ya kupanga, inaweza. Halafu kuna vitu viwili ambavyo kwa kiasi kikubwa husalimika: ujuzi wa mikono, na uwezo wa kutambua kitu ukikiona tena. Mwulize "nilikuagiza nini?" atakwama. Mwulize "ilikuwa hamira au baking powder?" atakujibu sawasawa.

Hatua ya 1: Angalia kama kuna kingine kinachomwibia kumbukumbu

Usianze mazoezi yoyote kabla ya hili. Chukua dawa zake zote, soma majina kwenye pakiti, uende nazo kliniki.

Ya kuulizia kwanza ni benzhexol, ambayo wengi wanaiita Artane. Hutolewa pamoja na dawa za skizofrenia kama haloperidol, Largactil au sindano ya mwezi ili kuzuia mikono kutetemeka na mwili kukakamaa. Inasaidia kweli, lakini yenyewe hudhoofisha kumbukumbu. Mgonjwa anayelalamika kinywa kikavu, choo kigumu na macho kuona ukungu, huenda anapata dalili za dawa hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri isitolewe kwa mazoea kwa kila mgonjwa kama kinga. Basi uliza: "Daktari, bado anaihitaji? Dozi inaweza kupunguzwa?" Mdogo wangu alikuwa ameandikiwa ya wiki chache, akainywa miaka miwili kwa kuwa hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo. Lakini tafadhali usiikate mwenyewe nyumbani. Ikiachwa ghafla humsumbua mgonjwa, na mwili ukikakamaa atazikataa na dawa nyingine zote.

Taja pia diazepamu na dawa yoyote ya usingizi. Taja bangi, mirungi na pombe bila kuona haya. Mwuguzi wa afya ya akili ameshasikia makubwa kuliko hayo. Taja kukoroma usiku na kusinzia mchana. Taja huzuni. Muulize kama apimwe masikio, macho, VVU, damu na tezi ya shingo. Na ikiwa kumbukumbu imeharibika kwa saa au siku chache tu, pamoja na homa, degedege, kuanguka na kuumia kichwa, au hajui yuko wapi, hiyo si hali ya kusubiri siku ya kliniki. Mpeleke hospitali leo.

Hatua ya 2: Wiki moja ya kutazama tu

Chukua daftari. Kila linaposahaulika jambo, andika lilikuwa nini, lilisemwa wakati gani, redio ilikuwa imewashwa, watu walikuwa wangapi chumbani. Usimrekebishe wiki hiyo. Ilinishinda siku mbili za mwanzo, ulimi uliwasha.

Mwisho wa wiki utaona makundi. Lipo ambalo halikuingia kabisa: ukimwuliza baada ya dakika moja, halipo, na ukimpa majibu mawili achague bado anabahatisha. Lipo lililoingia ila haliji likiitwa. Ukimpa vya kuchagua analitambua mara moja. Na lipo analolijua vizuri, anaweza kukueleza hatua zote za kuoga, ila hainuki akaoge. Hilo la tatu si kumbukumbu, ni ukosefu wa msukumo, nao pia ni ugonjwa. Kuna pia anayeanza vizuri halafu kitu kingine kinamvuta: anakwenda kuoga, anaona ndoo imepasuka, anatafuta gundi, anaishia barabarani. Asiyeinuka anahitaji kusukumwa, anayevutwa anahitaji njia isiyo na vishawishi. Ukiwachanganya utahangaika bure.

Hatua ya 3: Sema kwa namna inayoingia

Zima redio. Mwite jina, subiri akutazame. Sema jambo moja. Kisha mwombe akuambie kwa maneno yake mwenyewe, kwa upole na bila lafudhi ya mwalimu wa zamu: "Hebu niambie, unakwenda kufanya nini?" Akikosea, usimwambie "hapana, fikiria vizuri". Mpe jibu sahihi papo hapo, arudie.

Vitu vikiwa vitatu, vifunge pamoja kwa sababu. "Nataka kukanda maandazi. Nina unga, sina sukari, sina hamira." Sasa sukari na hamira zimeshikamana na maandazi, hazielei. Bora zaidi, mwache aliunde fungu mwenyewe: "Hivi viwili ni vya nini?" Anachokiunda mwenyewe huingia vizuri zaidi.

Na kwa nini umtume na maneno matupu? Mpe karatasi. Kama hasomi, mpe pakiti tupu ya hamira na mfuko mtupu wa sukari, amwonyeshe mwenye duka. Tunasalimika na hiyo mpaka leo, na mwenye duka kaizoea.

Hatua ya 4: Kufundisha bila kumwacha akosee

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu inapingana na tulivyofunzwa sote. Sisi tumelelewa na "kosea ujifunze". Kwa mwenye kumbukumbu dhaifu, kosa lina hatari ya pekee: mkono unalihifadhi kosa, lakini akili haikumbuki kwamba lile lilikuwa kosa. Kesho anarudia lilelile kwa uhakika kabisa. Njia ya kufundisha bila makosa ilipata nguvu miaka ya 1990 kwa watu waliopoteza kumbukumbu kwa majeraha ya ubongo, kisha watafiti wa California, Robert Kern na wenzake, wakaitumia kuwafundisha kazi wagonjwa wa skizofrenia. Walifanya vizuri kuliko waliofundishwa kwa njia ya kawaida.

Nilivyofanya na maandazi ni hivi. Kwanza nilivunja kazi vipande vidogo: kupima unga, kupima sukari, hamira na iliki, kumimina maji ya uvuguvugu, kukanda, kufunika, kukata, kukaanga. Vipimo nikavitoa kichwani nikaviweka kwenye vyombo: kopo moja lina mstari mwekundu wa rangi ya kucha, hapo ndipo unga unaishia, kikombe kidogo cha bluu ni cha sukari, kikijaa basi. Hakuna kuhesabu.

Siku ya kwanza nilifanya mimi, yeye akitazama, nami nikitaja kila hatua kwa maneno yaleyale. Maneno yaleyale, nasisitiza. Ukisema leo "kanda" na kesho "piga unga", kwake ni hatua mbili. Siku zilizofuata tulifanya pamoja, mikono minne kwenye sinia moja. Kisha nikamwachia hatua ya mwisho kabla ya kukaanga peke yake, kukata. Alipoimudu siku tatu mfululizo bila kuteleza, nikamwachia kufunika na kukata. Tukarudi nyuma hivyohivyo kuelekea mwanzo. Uzuri wa kuanzia mwisho ni kwamba kila siku yeye ndiye anayemaliza, na anayeona maandazi yamekatwa mezani ni yeye. Kukaanga nilibakiza kwangu muda mrefu, kwa sababu ya mafuta ya moto na dawa zinazomsinzisha.

Katika wiki hizo sikumwuliza "sasa kinafuata nini?" hata mara moja. Swali hilo linamlazimisha kubahatisha. Nikimwona anasita, nilitaja hatua kabla hajashika kitu kibaya. Baadaye nikapunguza: badala ya sentensi nzima, neno moja, badala ya neno, kidole kuelekea kopo, mwisho nikakaa kimya mlangoni. Akianza kuteleza, ngazi moja nyuma, bila maneno mengi. Ilituchukua karibu miezi miwili. Jirani alisema mtoto wa darasa la tano angejua kwa siku mbili. Ndiyo, angejua.

Kwa vitu vya kichwani, kama namba ya siri ya simu au jina la mwuguzi mpya, tumia kurudia kwa nafasi. Mwambie, arudie mara moja. Baada ya dakika moja arudie tena. Kisha dakika tano, nusu saa, jioni, kesho asubuhi, siku ya tatu, wiki ijayo. Akishindwa, mpe jibu, urudi kwenye nafasi fupi ya mwisho aliyofaulu. Dakika zote ukizijumlisha hazifiki kumi, lakini zinashinda saa nzima ya kukariri kwa mkupuo.

Hatua ya 5: Nyumba ikumbuke badala yake

Dawn Velligan na wenzake huko San Antonio, Texas, walijenga njia nzima juu ya wazo hili: usiirekebishe akili, rekebisha chumba. Hakuna kifaa cha gharama ndani yake.

Vidonge vyetu vimo kwenye kisanduku chenye vyumba saba, kimekaa juu ya kikombe chake cha chai, si kabatini. Hawezi kunywa chai bila kukishika. Kadi ya kliniki imening'inia kwenye msumari wa mlango, juu yake tarehe kwa maandishi makubwa. Nguo za kesho zinakaa kitini tangu jioni, shati juu, suruali chini, kwa mpangilio wa kuvaliwa. Kama wako ni yule anayevutwa na mambo, ondoa zaidi ya kuongeza: bafuni pawe na sabuni, taulo na ndoo, basi. Kama ni yule asiyeanza, weka karatasi usawa wa macho yake, neno moja kubwa la kutenda: OGA. KUNYWA DAWA. Badilisha rangi au mahali kila baada ya wiki kadhaa, jicho likizoea karatasi haliioni tena.

Simu ya kitochi inatosha kwa kengele. Kengele isiyo na jina haina maana, italia naye ataizima, iandike "dawa". Na daftari liwe moja. Mgonjwa mwenye karatasi saba mifukoni hana hata moja.

Hatua ya 6: Kukumbuka jambo ambalo muda wake bado

Hili ndilo gumu kupita yote, kwa sababu hakuna mtu wa kuuliza. Dawa ya saa mbili haijiiti. Lifunge kwenye kitu kinachokuja chenyewe, kwa sentensi yenye "niki-": "Nikisikia adhana ya magharibi, nakunywa kidonge cheupe." "Nikifika kituo chenye mbuyu, nasema shusha." Aseme kwa sauti mara tatu, afumbe macho ajione akifanya. Hapa pwani tuko karibu na ikweta, magharibi haihami sana mwaka mzima, kwa hiyo adhana ni saa nzuri. Wenye kengele ya kanisa au taarifa ya habari ya saa mbili usiku watumie hiyo. Ramadhani ikikaribia, ongea na daktari mapema juu ya nyakati za dawa, msipange wenyewe.

Anayerudi shule au chuo

Asirudi na mzigo wote. Masomo mawili kwa muhula wa kwanza yanatosha kuonyesha hali ilivyo. Mtafuteni mwalimu mmoja anayeaminika aambiwe, si shule nzima. Akae mbele, mbali na dirisha. Kama anaruhusiwa kurekodi kipindi kwa simu, arekodi, kwa sababu kusikiliza na kuandika kwa wakati mmoja ni kazi mbili kupita mlango mmoja. Kama dawa za usiku zinamlemaza asubuhi, daktari anaweza kusogeza saa ya kuzinywa.

Kusoma kwake kuwe kwa dakika 20, kisha anyooshe miguu. Kila ukurasa auandikie swali moja na jibu lake fupi nyuma ya kadi. Mara mbili za kwanza asome swali na jibu pamoja. Baada ya hapo ndipo afunike jibu. Na waliopita chuoni, namaanisha chuo cha Kurani, wanajua mengine: sehemu fupi, mahadhi yaleyale, na cha jana kisomwe kabla ya cha leo. Mdogo wangu aliyeshindwa kukumbuka vitu vitatu vya dukani alikuwa na sura nzima alizohifadhi utotoni, hazijatetereka. Nilianza kumtungia hatua za maandazi kwa mahadhi, tukacheka, lakini zilikaa.

Mwili

Kutembea kwa kasi mpaka jasho, au mpira, mara tatu hivi kwa wiki, kunasaidia fikra na kumbukumbu za wenye ugonjwa huu. Tafiti zimelionyesha hilo. Kazi ya jembe nayo ni mazoezi, na ni kazi ambayo mikono huikumbuka. Sishangai kwamba vituo vya marekebisho ya wagonjwa wa akili kama Vikuruti upande wa Dar es Salaam na Hombolo kule Dodoma vilijengwa juu ya kilimo. Michezo ya simu ya kunoa akili siipigii debe. Mazoezi ya akili yanayosimamiwa na mtaalamu yanafanya kazi, kama walivyoonyesha Til Wykes wa London na wenzake, lakini matunda makubwa yanakuja yakiunganishwa na kazi halisi ya maisha. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo akiwepo hospitali yenu, muulizie. Wengi hatuna, tuna jiko na duka.

Akikwambia hana tatizo

Usibishane. Wengi hawauoni ugonjwa wao wenyewe, na kubishana hakuwafumbui macho. Anza na anachokitaka yeye. Wangu hakutaka kusikia habari za vidonge wala kalenda. Alitaka hela yake mwenyewe ya soda. Maandazi yalitoka hapo, na kisanduku cha dawa kilikuja miezi minne baadaye, alipoona kopo la mstari mwekundu halimdharau.

Na siku kumbukumbu iliyokuwa imetengemaa inapoanza kuporomoka tena, halali, ananuna, anazungumza peke yake, usiongeze karatasi ukutani. Huenda ugonjwa unarudi. Nendeni kliniki kabla ya tarehe.

Kupunguza misaada

Baada ya miezi mitatu hivi, ondoa kimoja tu, utazame wiki mbili. Kikimshinda, kirudishe kimyakimya. Sisi tuliondoa karatasi ya OGA, ikawa sawa. Tukaondoa kengele ya mchana, ikawa sawa. Mwezi uliopita nikafuta mstari mwekundu wa kopo, nikidhani mkono wake umeshazoea. Jioni nikamkuta ameshaichukua rangi yangu ya kucha, ameinama mezani, anauchora upya.